Je, dawa za kisukari hupunguza mkazo wa oksidi mwilini?

Swali: Msomaji mwenye umri wa miaka 54, aliyegundulika kuwa na kisukari aina ya pili miaka saba iliyopita, anaandika kwamba anatumia metformini miligramu 1,000 asubuhi na jioni pamoja na gliklazidi, na kwamba hivi karibuni daktari amemwongezea empagliflozini. Amesoma mahali kwamba kisukari huharibu mishipa kwa njia ya "mkazo wa oksidi", na kwamba dawa hizo zenyewe huupunguza. Anauliza kama ni kweli, kama kipo kipimo cha kuutambua, na kama aanze kumeza vitamini C, vitamini E na asidi ya alfa-lipoiki alivyoshauriwa na mwenzake, kwa sababu nyayo zake zimeanza kuwaka moto nyakati za usiku.

Jibu: Ndugu msomaji, maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nami nitaanzia kwenye mzizi huo, kwa kuwa ukishafahamu uharibifu unaanzia wapi utaweza kuyapima mwenyewe madai mengi yanayoandikwa kwenye makopo ya vidonge.

Mkazo wa oksidi ni hali ya seli kuzidiwa. Kila seli inayotumia oksijeni kuzalisha nishati hutoa pia, mfano wa cheche zinazoruka kutoka kwenye tanuri, molekuli za oksijeni zilizobeba elektroni moja isiyo na mwenzake. Hizo ndizo radikali huru, na iliyo mashuhuri kati yake ni superoksidi. Si adui mtupu: chembechembe nyeupe za damu hutumia cheche hizohizo kuulia bakteria, na misuli inapofanya mazoezi huzitumia kama ishara ya kujiimarisha. Ili zisivuke mpaka, seli ina vimeng'enya vya kuzizima. Superoksidi dismutasi huigeuza superoksidi kuwa peroksidi ya haidrojeni, kisha katalasi na glutathioni peroksidasi huimalizia peroksidi hiyo kuwa maji. Cheche zikitoka kwa kasi inayovishinda vimeng'enya hivyo, mafuta ya utando wa seli, protini na hata DNA huanza kuunguzwa, na hapo ndipo tunaposema kuna mkazo.

Itazame seli moja tu, tuseme ile inayotandaza ukuta wa ndani wa mshipa mwembamba ulio nyuma ya jicho. Seli ya misuli huifungulia sukari mlango pale insulini inapobisha hodi. Seli hii ya mshipa haisubiri hodi, kwa hiyo sukari ikipanda katika damu hupanda pia ndani yake, itake isitake. Sukari hiyo yote huchomwa, elektroni zake hupelekwa kwenye mnyororo wa mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, kwa wingi kuliko unavyoweza kuzipokea, foleni hujaa, na elektroni mojamoja hudondoka njiani na kudakwa na oksijeni. Mwaka 2000 Michael Brownlee na wenzake nchini Marekani walionyesha, kwa seli za mishipa zilizooteshwa maabara, kwamba ukiizuia superoksidi hiyo ya mitokondria, njia kadhaa za uharibifu zilizokuwa zikidhaniwa kuwa hazina uhusiano hutulia kwa pamoja, ikiwamo ile ya sukari kugeuzwa sorbitoli na ile ya sukari kugandia kwenye protini. Nadharia hiyo haikufunga mjadala. Chanzo kingine cha cheche ni kimeng'enya NADPH oksidasi kilichopo kwenye utando wa seli, ambacho huchochewa na homoni ya angiotensini II, na hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya dawa fulani za shinikizo la damu zilinde figo za mwenye kisukari.

Kuna seli nyingine inayoumia zaidi, nayo ni seli beta ya kongosho, ile inayotengeneza insulini yenyewe. Seli hiyo ina katalasi na glutathioni peroksidasi kidogo sana ikilinganishwa na ini. Kwa maneno mengine, kiwanda cha insulini hakina vizima moto vya kutosha, na sukari inapokaa juu kwa muda mrefu huunguza kiwanda kilekile ambacho kingeishusha.

Sasa nijibu swali lako la kwanza. Ndiyo, dawa za kisukari hupunguza mkazo wa oksidi, lakini kwa sehemu kubwa hufanya hivyo kwa kupunguza kinachowasha cheche, si kwa kuzikimbiza cheche zikishatoka. Kwa mgonjwa tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Katika utafiti wa DCCT uliotangazwa mwaka 1993, watu 1,441 wenye kisukari aina ya kwanza waligawanywa katika makundi mawili, na kwa wale ambao walikuwa bado hawana madhara ya macho, kudhibiti sukari kwa ukaribu kulipunguza hatari ya ugonjwa wa retina kwa asilimia 76. Hakuna aliyepewa kidonge cha kuzima radikali huru. Kilichobadilishwa kilikuwa ni insulini na namna ya kuitumia. Kushuka kwa sukari yenyewe, kwa dawa yoyote ile, ndiko kunakobeba sehemu kubwa ya faida unayoiulizia.

Huenda kiwango cha wastani si kila kitu. Mwaka 2006 Louis Monnier na wenzake nchini Ufaransa walipima kwenye mkojo wa wagonjwa 21 wa kisukari aina ya pili mabaki ya mafuta yaliyounguzwa, yaitwayo isoprostani, wakaona kwamba yaliongezeka kadiri sukari ilivyokuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi ndani ya siku moja, wakati kipimo cha HbA1c, yaani wastani wa miezi miwili au mitatu, hakikuonyesha uhusiano huo. Kwa wagonjwa wa aina ya kwanza wachunguzi wengine hawakuona jambo hilo, na watu 21 ni wachache. Hata hivyo wazo la kusawazisha mawimbi lina mantiki. Ndiyo sababu akabosi, dawa inayochelewesha uvunjwaji wa wanga tumboni na hivyo kupunguza kilele cha sukari baada ya chakula, huingizwa katika mazungumzo haya, ingawa jaribio kubwa la ACE la mwaka 2017 halikuona kwamba inapunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi.

Nije kwenye dawa zako, nikianza na metformini, ambayo ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957 kutokana na kazi ya daktari Jean Sterne. Miongoni mwa mambo yanayofahamika kuihusu ni kwamba huupunguza mwendo wa kituo cha kwanza cha mnyororo wa mitokondria. Seli ikihisi nishati imepungua kidogo, kimeng'enya kiitwacho AMPK huamka na ini hupunguza kutengeneza sukari. Kituo hichohicho cha kwanza ni mojawapo ya mahali ambapo elektroni huvuja, kwa hiyo haishangazi kwamba katika majaribio mengi ya maabara metformini imepunguza radikali huru. Hapa ninaomba uwe na tahadhari, kwa sababu katika mengi ya majaribio hayo seli zilimwagiwa dawa kwa kiwango kinachoweza kufika mara 100 ya kile kinachopatikana katika damu ya mgonjwa anayemeza dozi kama yako. Kinachotokea ndani ya bakuli la maabara kwa kiwango hicho hakiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye mishipa yako. Msingi thabiti wa kuiamini metformini ni utafiti wa UKPDS wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998, ambamo wagonjwa wenye uzito mkubwa waliopewa dawa hiyo walipata pungufu ya asilimia 39 ya mshtuko wa moyo wakilinganishwa na waliopewa ushauri wa chakula peke yake. Ni kiasi gani cha faida hiyo kilipitia kwenye radikali huru, hesabu hiyo haikufanywa.

Gliklazidi ni kisa cha kuvutia zaidi kwa upande wa kemia. Iko katika ukoo wa sulfonilurea, dawa zinazoisukuma kongosho itoe insulini, lakini tofauti na ndugu zake wengi imebeba pete ya ziada yenye naitrojeni ambayo huweza kudaka radikali huru moja kwa moja. Katika tafiti ndogo wagonjwa walioitumia walionyesha dalili za damu zenye mkazo pungufu kuliko waliotumia glibenklamidi, sulfonilurea nyingine. Wauzaji wa dawa waliipenda sana hoja hiyo. Mimi siipi uzito mkubwa, na nitaeleza kwa nini. Jaribio la ADVANCE la mwaka 2008, lenye washiriki 11,140, lilitumia gliklazidi kama nguzo ya matibabu makali na likaona madhara ya figo yakipungua, ila kundi hilo lilikuwa pia na HbA1c ya asilimia 6.5 dhidi ya 7.3 ya wenzao, kwa hiyo ushindi ni wa sukari kushuka na hatuwezi kuikabidhi pete ile sifa hiyo. Halafu kuna jambo la kinyume ambalo halisemwi vya kutosha: sulfonilurea yoyote inaweza kuishusha sukari kupita kiasi, na sukari iliyoshuka mno, kwa namna inavyoamsha adrenalini na kuusukasuka moyo, nayo huongeza mkazo wa oksidi. Dawa yenye pete ya kudaka cheche haikufaidii kitu ikiwa inakuangusha chini ya milimoli 4 kwa lita mara mbili kwa wiki.

Empagliflozini ndiyo inayonipa hamu kubwa ya kueleza, maana hapa dhana ya kupunguza kazi ya seli inaonekana waziwazi. Figo zako huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, na hata kwa mtu asiye na kisukari maji hayo hubeba kama gramu 180 za sukari ambayo yote lazima irudishwe kwenye damu. Kazi hiyo hufanywa na seli za mirija midogo ya figo kwa kuivuta sukari pamoja na sodiamu, kisha pampu huitoa sodiamu hiyo nje kwa kutumia nishati na oksijeni nyingi. Kwa mwenye kisukari mzigo huongezeka, seli zile hufanya kazi mpaka hukaukiwa oksijeni, na mitokondria zake hurusha cheche. Empagliflozini hufunga lango linaloitwa SGLT2, sehemu ya sukari huachwa iende na mkojo, na seli hupumua. Zaidi ya hapo, mwili huanza kuchoma mafuta kidogo zaidi na kutoa ketoni, na moja ya ketoni hizo, beta-hidroksibutirati, imeonekana kwa panya ikiamsha jeni zinazotengeneza kinga dhidi ya oksidi. Katika jaribio la EMPA-REG lililotangazwa mwaka 2015, lenye washiriki 7,020 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa, vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 38, na vilianza kupungua mapema mno kiasi kwamba kushuka kwa sukari peke yake hakuwezi kuwa maelezo ya kutosha. Je, ni mkazo wa oksidi uliopungua, au ni maji na chumvi vilivyopunguzwa mwilini, au ni vyote viwili? Wataalamu bado wanabishana, na mimi ninaegemea upande wa mzigo wa moyo na figo kupunguzwa, huku radikali huru zikipungua kama matokeo yake. Kumbuka tu kwamba ketoni hizohizo zikizidi huleta hatari. Ukiwa unatapika, hujala kabisa au unajiandaa kufanyiwa upasuaji, wasiliana na daktari wako kuhusu kuisimamisha kwa muda.

Dawa nyingine nizipitie kwa haraka, kwa kuwa huzitumii. Dawa za kundi la GLP-1, kama liraglutidi na semaglutidi, katika seli na wanyama hutuliza ile NADPH oksidasi niliyoitaja, na majaribio makubwa yameonyesha zinapunguza mshtuko wa moyo au kiharusi. Kupungua kwa uzito kuna mchango wake humo. Kundi la sitagliptini lina sifa nzuri za kupinga oksidi kwenye maabara, lakini kwa moyo wa binadamu jaribio la TECOS la mwaka 2015 halikuonyesha faida wala madhara, mfano mzuri wa jinsi sifa ya maabara inavyoweza kuishia maabara. Insulini yenyewe, mbali na kushusha sukari, hutuliza uvimbe na cheche katika chembechembe nyeupe inapotolewa kwa kiasi kinachofaa.

Ila ipo dawa moja iliyokwisha kuondolewa sokoni ambayo sitaki kuiruka. Troglitazoni, ya kwanza katika ukoo wa pioglitazoni kuidhinishwa Marekani mwaka 1997, ilitengenezwa ikiwa na kipande cha muundo wa vitamini E ndani ya molekuli yake. Ungeweza kusema ni ndoto ya kila mtu anayeamini katika vidonge vya kupambana na radikali huru: dawa ya kisukari na kinga ya oksidi ndani ya kidonge kimoja. Mwaka 2000 iliondolewa kwa sababu iliharibu maini ya baadhi ya watumiaji, wengine hadi kufa. Pioglitazoni, ambayo haina kipande hicho, bado inatumika. Baadhi ya watafiti hushuku kwamba ni kipande hichohicho, kinapovunjwa na ini, kinachotoa kwinoni zenye sumu. Kila ninapoona neno la kinga dhidi ya oksidi limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo, huikumbuka troglitazoni.

Kuhusu kipimo, jibu langu ni fupi: usilipie. Isoprostani za mkojo, malondialdehidi ya damu na mabaki ya DNA iliyounguzwa ni zana za watafiti zinazofaa kulinganisha makundi ya watu. Kwa mtu mmoja namba hizo huyumba kwa mlo, sigara, mafua na hata namna sampuli ilivyohifadhiwa, na hakuna mwongozo wa tiba unaomwelekeza daktari abadilishe dozi kwa kuzifuata. Vipimo vinavyoonyesha kama mishipa yako inaungua ni vile ambavyo pengine tayari unavyo: HbA1c, albumini ya mkojo, kreatinini, picha ya retina na uchunguzi wa nyayo.

Sasa vidonge alivyokushauri mwenzako. Wazo la kumeza vitamini ili kuzima radikali huru ni zuri kiasi kwamba lilijaribiwa kwa ukubwa, na likashindwa. Katika utafiti wa HOPE uliotangazwa mwaka 2000, watu 9,541 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, zaidi ya theluthi moja yao wakiwa na kisukari, walipewa vitamini E yuniti 400 kwa siku au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka minne na nusu, na hakukuwa na tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala kifo. Walipoendelea kufuatiliwa, waliomeza vitamini E walionekana kupata zaidi ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu. Katika utafiti mwingine wa Marekani, SELECT, matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba wanaume waliomeza kiasi hichohicho walipata saratani ya tezi dume zaidi kwa asilimia 17. Kushindwa huko kuna maelezo: superoksidi huzaliwa na kufa ndani ya mitokondria kwa kasi kubwa mno, na vitamini iliyomezwa asubuhi haifiki pale kwa wingi wala kwa wakati, na ikifika, haichagui kati ya cheche zinazounguza na zile zinazotumika kama ishara. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake nchini Ujerumani waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki nne, nusu yao wakimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400, wakakuta kwamba faida ya mazoezi katika kuifanya insulini ifanye kazi vizuri ilionekana kwa wale ambao hawakumeza vitamini.

Asidi ya alfa-lipoiki iko tofauti kidogo, na sitaitupa kapuni pamoja na nyingine. Kwa nyayo zinazowaka, tafiti za muda mfupi, hasa ilipotolewa kwa njia ya mshipa, zimeonyesha kwamba hupunguza maumivu kwa baadhi ya wagonjwa. Kama kinga ya neva kwa muda mrefu, utafiti wa miaka minne uitwao NATHAN 1, uliotangazwa mwaka 2011, haukufikia lengo lake kuu. Mara chache sana huweza kuchochea mwili utengeneze kingamwili dhidi ya insulini yake na kuishusha sukari ghafla.

Lakini kabla ya kununua chochote kwa ajili ya nyayo zako, omba upimwe vitamini B12. Metformini, hasa kwa dozi kama yako na kwa miaka mingi, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo, na upungufu wake huleta ganzi na kuwaka kwa miguu kunakofanana kabisa na kule kwa kisukari. Nimeona zaidi ya mara moja mgonjwa akipanga juu ya meza yangu mikebe minne au mitano ya vidonge vya radikali huru, mingine ikiwa haijafunguliwa, wakati kilichokuwa kimepungua katika damu yake ni B12, kitu kinachotibika kwa sindano au vidonge. B12 ikiwa sawa, zipo dawa za maumivu ya neva ambazo daktari anaweza kukuandikia. Usiiache metformini kwa hofu hii. Upungufu hutibiwa huku dawa ikiendelea.

Na ikiwa umekwisha kuanza vitamini C kwa dozi kubwa, mweleze daktari wako kabla hajaigusa dozi ya gliklazidi. Baadhi ya mashine za kupimia sukari, na baadhi ya vitambuzi vinavyobandikwa kwenye ngozi, husoma juu kuliko uhalisia mtu anapotumia zaidi ya miligramu 500 za vitamini C kwa siku. Namba ya juu isiyo ya kweli humfanya mtu aongezewe dawa, sukari halisi ikashuka mno usiku, na mashine ikaendelea kumwonyesha kwamba yuko salama. Mwambie apime HbA1c, na pia sukari ya maabara kutoka kwenye mshipa, alinganishe na mashine yako siku hiyohiyo.